Keki Ishirini na Nne za Ubatizo

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliishiwa rangi nyekundu. Anasoma chuo hapa Dodoma, upande wa Chimwaga, na Jumamosi huja kwangu kuoka keki ndogo za vikombe kwa sababu oveni yangu haichagui upande wa kuunguza. Huwauzia wanafunzi wenzake na watumishi wa ofisini, zikiwa zimepangwa kwenye maboksi meupe, kila keki na kilemba chake cha krimu kilichosokotwa sawasawa. Siku hiyo rangi ya dukani ilikwisha, naye hakutaka kutoka na jua lile. Akachukua choya kavu, yale maua mekundu ya rozela, niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya juisi, akaitia maji kidogo na sukari, akaichemsha mpaka ikawa nzito.

Mimi nilikuwa sebuleni na kitambaa changu cha kudarizi. Harufu ile chachu ikanifikia, ikiwa imechanganyika na harufu ya keki inayoanza kuiva, nikaweka sindano chini.

"Bibi, mbona umenyamaza hivyo?" akauliza kutoka jikoni.

"Nakumbuka," nikamwambia, naye akarudi kwenye kazi yake. Vijana wa siku hizi wana adabu. Wakiambiwa mtu anakumbuka, humwacha.

Nawaandikia walio rika langu, waliokulia uwanda huu wa kati wakati unga wa ngano ulikuwa wa sikukuu na sukari ilifungwa kwenye kitambaa na kuwekwa juu watoto wasikofika. Mtanielewa. Nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Nyumba yetu ilikuwa tembe ya udongo upande wa Haneti, yenye paa bapa ambalo juu yake tulianika kila kitu: mboga za majani, karanga, choya, na hata mito ya kitanda. Ng'ambo ya korongo, mwendo wa kumaliza wimbo mmoja wa kanisani kama hukimbii, alikaa Bibi, mama yake Baba, pamoja na ng'ombe wake, mbuzi wake na baba yetu mdogo.

Bibi hakuwa Mkristo. Alishika mambo ya wazee wake kwa utulivu na hakumgombeza mtu aliyeshika mengine. Kila baada ya siku mbili tatu alivuka korongo na kibuyu cha samli au cha maziwa, akaketi kwenye kigoda chake nje ya mlango wetu, akaanza utani. Mimi, Dorika, aliniita mke mwenzangu. Mdogo wangu alipozaliwa na kupewa jina la marehemu babu yetu, Chibago, Bibi alianza kumwita mume wangu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mume wangu ameamkaje?"

"Ameamka vizuri, Bibi. Amenikojolea."

"Ndivyo alivyo. Hata zamani alikuwa hajui pa kukojolea akishalewa."

Mama alicheka kila mara, hata utani ule ule ukirudiwa. Kisha alileta maji ya kunawa na kumkaribisha chakula, na hapo utani uliisha. Bibi alinawa mikono kwa heshima, akaifuta kwa kanga yake, akasema ameshiba. Kwangu mimi mtoto jambo hilo halikuwa na fumbo lolote. Mtu anayesema ameshiba ameshiba. Nikaamini kwamba Bibi alikuwa mtu mwenye chakula kingi kuliko wote pale kijijini, kwa kuwa katika maisha yangu yote hakuwahi kufika kwetu akiwa na njaa. Nilijivuna shuleni. Niliwaambia wenzangu kwamba bibi yangu hula usiku na mchana.

Ukweli niliambiwa nikiwa mtu mzima, na afadhali niueleze sasa. Wazazi wangu walipooana, Bibi alipika pombe ya mtama kwa siku nyingi, mitungi kwa mitungi, kama mama wa bwana harusi anavyopaswa. Baba mzazi wa Mama alikuwa mwinjilisti. Alipoiona ile mitungi alisimama mbele ya wageni akasema harusi ya watoto wa Mungu haina pombe, na kwamba aliye wa kwake asiiguse. Hakuna aliyeigusa. Wageni wa Bibi nao waliona haya kunywa peke yao. Jioni Bibi mwenyewe aliimwaga mitungi yote uani, mmoja baada ya mwingine, akaiosha, akaenda nayo nyumbani. Tangu siku hiyo hakutia kitu cha Mama kinywani, hata maji. Kuja alikuja, watoto alibeba, samli alileta. Kula hakula.

Nampenda babu yangu yule mwinjilisti, na imani niliyo nayo nimeipata kwake. Lakini nimeomba mara nyingi kwa ajili ya siku ile yake moja. Angeweza kunywa maji yake na kunyamaza.

Ubatizo wa Chibago ulipokaribia, niliwasikia wazazi wangu wakiongea huku wakimenya karanga.

"Siku ya ubatizo nataka mama yako ale kwangu," Mama alisema. "Hata kama ni kipande tu."

"Usimlazimishe," Baba akasema. "Unamjua."

"Simlazimishi. Lakini mtoto amebeba jina la mume wake. Asipokula siku hiyo, hatakula tena mpaka tunazikana."

Baba alimenya karanga nyingine. "Sasa utampikia nini ambacho hajawahi kukataa?"

"Kitu kidogo," Mama akasema. "Cha kwake peke yake. Kisichotoka kwenye sahani ya watu."

Nililala nikiwa nimelipanga jambo lile kichwani. Bibi hufika ameshiba. Kwa hiyo Mama anataka kitu kidogo ili kipate nafasi tumboni. Niliona ni akili sana.

Mama alikuwa amesoma shule ya bweni ya wasichana ya misheni, na huko alifundishwa mapishi. Ndani ya kifuniko cha sanduku lake la nguo alikuwa amebandika picha iliyokatwa kwenye gazeti la kina mama, picha ya keki ndogo zimepangwa juu ya sahani ya ghorofa tatu, kila moja na kilemba cha rangi ya waridi. Tuliruhusiwa kuitazama wakati wa kutoa nguo za kanisani. Mimi nilikuwa nikidhani ni picha ya uyoga. Sasa Mama alimwacha mtoto mgongoni mwangu, akafungua sanduku mchana kweupe, akaitazama picha ile kwa muda mrefu kama mtu anayesoma barua.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupata vikopo. Palikuwa na hoteli ndogo pale basi liliposimama, nao walitumia nyanya za kopo, vile vikopo vidogo vinavyojaa kiganjani. Kwa wiki nyingi nilitumwa kwenda kuviomba. Mama alivichemsha, akasugua kingo zake kwenye jiwe mpaka zisikate ulimi, akahesabu: ishirini na vinne, sawa na vichwa vya wageni aliowategemea. Ndani yake alitandika karatasi za daftari zilizopakwa samli. Aliniagiza nichane zisizoandikwa, nami nilichana vizuri isipokuwa moja. Mgeni mmoja alikuja kula keki yenye hesabu zangu za kugawanya chini yake, na zote nilikuwa nimekosa.

Jumamosi tulioka. Wale mliooka kwa mchanga mnajua: sufuria kubwa kuliko zote, mchanga wa korongoni uliochekechwa na kuoshwa, vikopo vimekaa juu yake vinane vinane, mfuniko, na makaa juu ya mfuniko. Mama alinifundisha kwamba moto wa juu uzidi wa chini, la sivyo keki itaungua miguu na kichwa kibaki kibichi. Hamira ya unga ya dukani hatukuwa nayo. Alitwanga magadi, akayachekecha mpaka yakawa laini, akachukua kidogo kwa ncha ya kijiko na kuyatia kwenye maziwa ya mgando. Maziwa yakafura na kupiga povu, na kabla povu halijalala akamwagia kwenye unga, mayai na samli. Samli yenyewe ni ile ya Bibi.

Sufuria ya kwanza niliiharibu mimi. Niliambiwa nisifunue, nikafunua, na keki nane zikazama katikati kama kofia iliyokaliwa na mtu. Mama alizitazama. "Hakuna neno," akasema. "Mashimo yatafunikwa na urembo." Kumi na sita zilizobaki ziliinuka vizuri, rangi ya udongo wa kichuguu, na nyumba ikanukia hivi kwamba jirani alikuja kuazima moto ilhali jiko lake lilikuwa linawaka.

Urembo ndio ule wajukuu wanaouita aisingi. Jumamosi hiyo hiyo Mama alisaga sukari kwenye jiwe, akaipitisha kwenye kitambaa cha kilemba chake cheupe, ikawa vumbi. Akaiweka kwenye bakuli la bluu na kulifunika. Choya aliichemsha mpaka ikawa nzito na nyekundu sana, akaiweka kwenye kikombe. Kupamba angepamba Jumapili baada ya ibada, kwa sababu ya sisimizi na joto.

Ibada ilikuwa ndefu. Chibago alibatizwa kwa jina la Yohana, akapiga kelele maji yalipomgusa, na Bibi, aliyesimama nje ya dirisha la kanisa kwa sababu ndani hakuingia, alisikika akisema kwa sauti, "Mnamwogesha na maji baridi mume wangu!" Watu wakacheka hata mchungaji akalazimika kusubiri.

Tuliporudi nyumbani wageni walikaa uani chini ya kibanda cha miti na mabua ya mtama. Wanawake wenzake Mama walishika mchele na nyama ya mbuzi. Mama akanivuta chumba cha ndani tulichopikia wakati wa mvua, akatenga mayai matatu, akaupiga ute kwa vijiti vilivyofungwa pamoja. Mtoto akalia nje.

"Endelea kupiga mpaka usimame," akaniambia. "Nakwenda kumnyonyesha. Sukari usiionje."

"Sitaionja, Mama."

Nilipiga ule ute mpaka mkono ukauma. Kisha nikafunua bakuli la bluu ili nione tu. Sijui kama mmewahi kulamba sukari iliyosagwa kuwa vumbi. Haina kokoto la kukupa nafasi ya kufikiri. Ikigusa ulimi imeshatoweka, na unabaki unauliza kama ulionja kweli. Nikachovya tena ili nihakikishe. Nilipozinduka kwenye uhakika huo palikuwa na shimo katikati ya bakuli la kuingia ngumi yangu.

Juu ya rafu palikuwa na kibakuli kingine chenye unga mweupe laini. Ulikuwa mweupe vilevile. Nikachota vijiko viwili, nikajaza shimo, nikasawazisha kwa kiganja mpaka juu pakawa tambarare. Moyo wangu ukatulia. Kwa akili yangu nilikuwa nimekosa kwa kula, na nimetengeneza kwa kujaza. Lile la pili lilikuwa malipo ya lile la kwanza.

Mama akarudi. "Umeonja?"

"Hapana, Mama."

Alimwaga sukari kwenye ute akapiga, na ikawa nyeupe, nzito, yenye kung'aa. Alitabasamu. Akachukua kikombe cha choya akamimina.

Nakumbuka kwamba kwa kitambo kidogo ilikuwa nyekundu, mstari mmoja mwekundu juu ya weupe. Kisha ukingo wa mstari ukawa zambarau. Zambarau ikawa wino. Mama akapiga haraka zaidi, kana kwamba angeiwahi, na kadiri alivyopiga ndivyo ilivyogeuka, mpaka bakuli zima likawa rangi ya maji ya dimbwi ambalo ng'ombe wamekanyaga.

"Hii nini?" Mama akasema taratibu. Akanusa. Akanusa maganda ya mayai. Akatazama ndani ya kikombe, na choya iliyobaki ilikuwa nyekundu kama ilivyokuwa.

Huko nje mwanamke mmoja akaita, "Mama Dorika! Wageni wamekaa!"

Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alikuwa ametufundisha kwamba Mungu huona hata kwenye chungu kilichofunikwa. Nami nilikuwa nimeuliza maswali mengi juu ya hilo, ya vyungu gani hasa. Sasa nilikuwa na jibu. Nilisema uongo, na choya ikageuka mbele ya macho yangu. Nikapiga yowe.

"Ni mimi! Ni Mungu amegeuza! Nimekula sukari, nikasema sijala, na Mungu amegeuza!"

"Nyamaza. Umekula kiasi gani?"

"Nyingi!"

"Sukari ikiliwa inapungua, haigeuki rangi," Mama akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepotea. Aliketi chini na bakuli mapajani. Sukari ya kusaga haikuwapo tena. Iliyokuwapo ni ya chai ya wageni. Keki ishirini na nne zilikuwa kwenye ungo pembeni yake, bila urembo, nane zikiwa na mashimo, na ile ya Bibi hakuwa na namna ya kuitofautisha na kipande cha mkate wa mtu yeyote. Nilimwona anaitazama picha ile ya sandukuni ingawa sanduku lilikuwa chumba kingine.

Kuhusu vijiko viwili vya kibakuli cha rafuni sikusema. Sikuficha. Sikujua kwamba kulikuwa na cha kusema.

Mlango ukajaa kivuli. Bibi alikuwa amesimama na Chibago begani.

"Nani anamliza mke mwenzangu siku ya mume wangu?"

"Hakuna kitu, mama," Mama akasema na kuinuka haraka. "Karibu nje, tunakuja."

Bibi hakwenda nje. Alinikabidhi mtoto, akainama juu ya bakuli. Alitazama ile rangi, akaleta pua karibu, kisha akacheka mpaka mapengo yake yote yakaonekana.

"Magadi yako yako wapi?"

Mama akageukia rafu. Akashusha kibakuli, akakiinamisha kwenye mwanga. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi.

"Nilijaza shimo," nikasema.

"Mboga ya choya haitiwi magadi," Bibi akasema. "Mke yeyote anajua. Ukitia tu, inakuwa matope kama haya. Huko shule ya misheni hawakuwafundisha?"

"Hawakutufundisha, mama."

"Walikuwa wanawafundisha nini, kuimba tu?"

Mama angeweza kulia, na nadhani alikuwa karibu.

"Leta ubuyu," Bibi akasema.

Ubuyu ulikuwapo kwenye mtungi, umeshatwangwa kwa ajili ya uji. Bibi alichota kwa vidole vitatu akanyunyizia kwenye bakuli, akaniambia nikoroge. Mara ule urojo ukaanza kuhema. Ukafura, ukatoa mapovu madogo, ukaimba kwa sauti ya chini kama yale maziwa ya mgando ya jana yalipotiwa magadi. Bibi akaingiza kidole, akalamba.

"Bado. Magadi yamo."

Akanyunyiza tena. Nilikuwa nimemshika Chibago kwa mkono mmoja na mwiko kwa mwingine, na macho yangu hayakutoka kwenye bakuli. Dimbwi likaanza kuwa bluu. Bibi akalamba kidole. "Bado." Akanyunyiza. Bluu ikawa zambarau, kwanza ukingoni, kisha kote. Akalamba. "Inakuja. Koroga, mke mwenzangu, una mkono wa mgonjwa." Nikakoroga. Na ndipo, polepole, kutoka chini ambako mwiko ulipita, ikapanda rangi ya waridi.

Nilipiga magoti pale pale, na mtoto mkononi. Nilikuwa nimeungama, na rangi ilikuwa imerudi. Sikuwa na shaka yoyote kwamba nimesamehewa, na kwamba ningekaa kimya mpaka leo lile bakuli lingekuwa bado matope.

"Huyu naye ameangusha nini?" Bibi akauliza.

Akalamba mara ya nne, akakunja uso. "Sasa imekuwa chachu mno. Mama Dorika, ongeza sukari."

"Sukari iliyobaki ni ya chai, mama."

"Basi wageni watakunywa chai chungu. Wamekuja kwa ajili ya chai?"

Mama akatoka mbio, akarudi na kitambaa cha sukari, akamimina yote. Haikusagwa, kwa hiyo urojo ukawa na chengachenga, na povu la magadi lilikuwa limeufanya mlegevu. Mama aliviringisha karatasi ya kaki iwe pembe, akakata ncha, akaujaza, akaanza kusokota vilemba kama vya kwenye picha. Cha kwanza kilisimama kidogo, kikaanguka ubavuni.

"Kilemba cha mlevi," Bibi akasema.

Mama akacheka. Alikuwa hajacheka tangu asubuhi. Wakaendelea hivyo, Mama akisokota na Bibi akikandamiza punje ya karanga juu ya kila kimoja ili kukizuia kisianguke, na kila baada ya keki mbili tatu Bibi alipitisha kidole kwenye ukingo wa bakuli na kukilamba, kwa sababu, alisema, lazima mtu aendelee kuangalia yale magadi. Mashimo ya zile nane yalifunikwa kweli. Keki hazikufanana na za kwenye picha. Zilifanana na watu wanaorudi kutoka sherehe.

Uani Mama aligawa kwa mikono miwili, kwa mchungaji kwanza, kisha kwa wazee. Bibi alipewa yake juu ya kisahani, peke yake. Aliishika, akaigeuza kutazama chini yake, akaimega, akala. "Sukari ina kokoto," akasema kwa mwanamke aliyekaa karibu naye, na akamega tena.

Mimi hata sikulitazama hilo sana. Nilikuwa na jambo kubwa zaidi moyoni. Kwa miaka nililisimulia kanisani na shuleni, jinsi Mungu alivyogeuza rangi ya keki kwa ajili ya uongo wangu na kuirudisha kwa ajili ya toba yangu. Kisha nikafika sekondari, mwalimu wa kemia akachovya karatasi nyekundu kwenye maji ya magadi mbele ya darasa, ikawa bluu, akaichovya kwenye maji ya ndimu, ikarudi nyekundu. Wenzangu walishangilia. Mimi niliketi nimeinamisha kichwa kama aliyefiwa. Nilihisi kwamba nimenyang'anywa. Imenichukua muda kulipokea lile somo. Sijaacha kuamini kwamba Mungu alikuwa jikoni mle. Nimeacha tu kuamini kwamba alikuwa ameudhika.

Mama alikuwa mzee na ameanza kupoteza macho nilipomwambia haya yote. Nilimweleza juu ya ile karatasi ya darasani, nikamwambia, "Kumbe ilikuwa magadi na ubuyu tu, Mama. Unakumbuka ilivyokuwa zambarau, halafu waridi?"

Alifikiri. "Rangi sikuiona," akasema. "Nilikuwa namwangalia mama anavyolamba. Alipolamba mara ya kwanza nilidhani amesahau, na niliogopa hata kusogeza mguu nisije nikamkumbusha. Mara ya pili nikajua hajasahau."

Akanisimulia lililofuata, ambalo mimi kwa sababu ya muujiza wangu nilikuwa nimelipita bila kuliona. Siku ya tatu baada ya ubatizo, Bibi alivuka korongo na kibuyu chake kama kawaida, akaketi kwenye kigoda, akamuulizia mume wake, akaambiwa amelala. Halafu akageuza kichwa kuelekea jikoni.

"Mama Dorika, leo umepika nini?"

Mama hakuwa amepika kitu. Kwa miaka kumi alikuwa hajawahi kulazimika kumpikia. Alisimama mlangoni na mikono yake yenye unga wa mtama, akasema, "Kinakuja, mama, kinakuja sasa hivi," na akaenda mbio nyuma ya nyumba kutafuta kuni.